Mchuzi Aliousifu Ba

Belgrave, Leicester,
18 Februari 2024.

Mpendwa wifi yangu Jagruti,

Jai Shri Krishna. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Kirit na watoto, na kwamba joto la Auckland halijawachosha. Sisi hapa ni wazima kwa kadiri baridi inavyoturuhusu. Mvua haikatiki na nguo hazikauki. Bhavesh mgongo unamsumbua tangu alipoanza kuendesha lori zamu ya usiku, na binti yetu Dhruvi amefikia kimo changu, anavaa viatu vyangu bila kuomba. Mama yetu Ba anatembea vizuri, lile goti lake la kushoto limetulia.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara kadhaa kwa nia ya kukuambia haya, na kila ulipopokea nikajikuta nauliza habari za hali ya hewa. Lazima ulijiuliza tangu lini mke wa mdogo wako anajali mvua ya Auckland. Ukweli ni kwamba nina aibu, wifi, na aibu ya karatasini ina nafuu kidogo kwa sababu siuoni uso wako.

Uliniomba mapishi ya ule mchuzi wa paneer ambao Ba alikusifia kwenye simu. Ukanitania kwamba mama yenu hajawahi kumsifu mpishi aliye hai, na kwamba sasa niandike kitabu. Nikacheka, nikasema nitakuandikia. Mapishi yenyewe ni haya: nenda supamaketi jioni wanapobandika stika za njano za punguzo, chukua boksi la mchuzi wa paneer, toboa nailoni ya juu kwa uma, tia kwenye maikrowevu.

Usiichane barua kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, kisha utanihukumu.

Tangu msimu wa baridi wa mwaka juzi, baada ya ile homa iliyomlaza Ba wiki nzima, chakula anachotupikia kilibadilika. Leo haradali zimeungua mpaka zimekuwa majivu, kesho mvuje umezidi mpaka majirani wanafungua madirisha. Sisi tulikula tukanyamaza. Bhavesh alisema ni uzee. Mimi, Mungu anisamehe, nilisema moyoni kwamba anafanya makusudi, kwamba amechoka kumpikia mkwe anayeshinda akipokea simu za wagonjwa kwa daktari wa meno. Unajua miaka yote hii nilivyoishi chini ya ulimi wa mama yako. Chapati zangu ni ramani ya Afrika, dengu zangu ni risasi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba sasa yeye ndiye anayeunguza.

Basi tukaanza kununua maboksi kwa siri. Maikrowevu tuliiweka kule kwenye chumba cha kufulia, juu ya mashine, kwa sababu vitu vyote vile vina kitunguu na kitunguu saumu, na jikoni kwa Ba havipiti kwa ajili ya nadhiri yake. Mimi na Dhruvi tukawa wataalamu. Mchuzi wa duka la kona ni mtamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Ule wa supamaketi kubwa unaelea mafuta, na paneer yake unaitafuna kama kifutio. Ule wa bei ya juu, wenye picha ya kasri kwenye boksi, una mchicha mzuri lakini hauna chumvi wala huruma. Dhruvi alikuwa akivipa maksi kama mwalimu mwenye hasira.

Halafu tukaanza kuvirekebisha. Mafuta ya moto kidogo, haradali mpaka zipasuke, bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, tangawizi mbichi, kipande cha sukari guru pale panapouma, ndimu mwishoni kabisa. Wifi, nakuambia bila majivuno, mchuzi wa boksi unafufuka. Na nilipoona unafufuka nikaanza kuota kwamba iko siku Ba ataonja mkono wangu na kukubali.

Siku hiyo ikawa Jumapili ya kwanza ya mwezi huu. Bhavesh alikuwa nyumbani, tukapanga mabakuli manne ya stili mezani tushindanishe. Ba akatukuta tunacheka, akauliza kuna nini, Dhruvi akamwambia. Nilitegemea atanuna. Badala yake akavuta kiti, akasema na yeye apewe, ila asichanganyiwe na uchafu wetu wa kwenye maboksi. Nikakimbilia jikoni. Nikampikia wa kwake kwa sufuria safi na paneer niliyoigandisha mwenyewe kwa maziwa, bila kitunguu cha aina yoyote, ila mvuje kidogo. Nikamtolea Thakorji, Mungu wetu wa nyumbani, kwanza, kama ulivyokulia ukiona. Nikaweka tawi la kotmiri juu ya bakuli lile ili nilitambue, nikarudi jikoni kutoa chapati.

Mume wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kupamba chakula, siku hiyo aliona vema kupamba. Akatia kotmiri kwenye mabakuli yote matano.

Nilipoketi Ba alikuwa ameshavuta bakuli. Harufu ya kitunguu saumu ilinifikia ng'ambo ya meza. Ni ule wa duka la kona, ambao ukiufungua hata nguo kwenye kamba zinajua. Ba akamega chapati, akachota, akatafuna. Akachota tena. Nikangoja ateme. Hajatia kitu kile mdomoni tangu wewe ulipokuwa ukitambaa, na sote tunakumbuka alivyotoka kwenye harusi ya binti wa rafiki yake Hansa na njaa yake kwa sababu ya harufu tu. Lakini alikula. Kisha akaniangalia machoni.

"Rupal," akasema, "leo umepika."

Wifi, nitakuambia jambo ambalo hata Bhavesh hanielewi ninapomweleza. Bhavesh alifungua mdomo amwambie mama yake. Mimi nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa kisigino. Sikusema Ba, simama, umekosea bakuli. Nilikaa pale nikiyasikiliza maneno yale mawili, nikamwacha avunje nadhiri ya maisha yake tonge kwa tonge mpaka akapangusa bakuli kwa chapati. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa kwa tembo la mtu mwingine, nikalipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake Ba hakula. Alikunywa maziwa tu, akasema ni tumbo. Keshokutwa yake vivyo hivyo. Nikadhani mafuta ya boksi yamemdhuru, nikazidi kunyamaza, maana sasa ningesema nini? Kisha ukampigia simu, nikamsikia kupitia mlango akikuambia kwamba mke wa Bhavesh amekuwa mpishi. Wewe ukaomba mapishi. Nikaona uongo wangu umepanda ndege na umefika Auckland kabla sijauvalisha viatu.

Ijumaa ya tarehe tisa sikuweza tena. Mimi sikuwa na zamu, Bhavesh alikuwa amelala, Dhruvi yuko shule. Ba alikuwa ameketi jikoni akichambua dengu. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikamwambia yote, boksi, kotmiri, kisigino. Sikumtazama. Nilitazama zile dengu.

Mikono yake haikusimama. Akatoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni.

"Nilijua tangu tonge la kwanza," akasema. "Kitunguu kiliteleza menoni. Kitunguu hakijifichi, mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini basi alikula.

Akatoa kijiwe kingine. Kisha akaniambia kwamba pua yake imekufa. Imekufa tangu ile homa. Hasikii moshi, hasikii maziwa yaliyochacha, hasikii maua anayomwekea Thakorji. Chumvi na sukari anazipata kwa mbali, lakini vingine vyote ni kama kutafuna pamba. Na kwa kuwa yeye haonji chakula akiwa anapika, kwa sababu Thakorji hula kwanza, hakuna aliyegundua. Alikuwa akipika kwa kukumbuka. Siku ile ya mabakuli alilisikia lile kosa menoni, akajua kwamba akitema tutamuuliza mbona hukunusa.

"Nikaona bora nimkosee Mungu, yeye anasamehe," akasema. "Nyinyi mngeninyang'anya jiko."

Zile siku mbili za maziwa hazikuwa tumbo. Alikuwa akifunga kwa toba, peke yake, huku mimi nikimletea dawa ya kiungulia. Huko ndiko aibu yangu ilikopata mzizi, wifi. Ningesema siku ileile, angalau tungefunga wawili.

Nilidhani amemaliza. Akaweka sinia chini.

"Kitu kimoja ndicho kinachonikera," akasema. "Miaka yote hii sijakupa neno jema hata moja. La kwanza nililokupa, nilikupa kwa chakula ambacho sikukionja."

Kisha akainama kidogo, kama mtu anayeuliza siri ya mtoto wa jirani.

"Hebu niambie wewe. Kilikuwa kitamu?"

Nikamwambia, "Kitamu, Ba, ila kitunguu saumu kilizidi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la sari. Mimi sikucheka, nililia, lakini alinipiga begani nikajikuta nacheka naye.

Jana tulimpeleka kwa daktari. Anasema huenda pua ikarudi na huenda isirudi, na kwamba kunusa vitu vikali kila siku kunaweza kusaidia kidogo. Bhavesh anataka kuliondoa jiko la gesi alete la umeme la kioo, kwa kuwa mchana Ba huwa macho peke yake na gesi ikivuja hataisikia. Ba amekataa, anasema chapati haivimbi juu ya kioo. Hapa nakuomba msaada, wifi. Sisi hatusikilizi, wewe atakusikiliza. Mpigie, lakini usianze na pua. Anza na goti, yeye mwenyewe atafika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu ameficha zaidi ya mwaka.

Usidhani nakuandikia kwa siri. Nilimuuliza kama nikwambie au nifunge mdomo. Akasema nikuandikie mimi, kwa sababu yeye hawezi kukuambia kwamba amekuwa akikudanganya, na akaongeza kwamba nisijitie ushujaa wala nisijitie unyonge, nieleze kama ilivyokuwa. Nimejaribu.

Sasa tunapika pamoja jioni ninaporudi. Anasikiliza haradali kwa sikio na kupima unga kwa kiganja, na mimi nakuwa pua yake. Ananiuliza, bizari imefikia wapi? Nikisema bado, ananiambia nisiwe mwoga, ninuse tena. Maboksi bado tunanunua siku za zamu ndefu, sitakudanganya mara ya pili, lakini yanabaki chumba cha kufulia na kila bakuli lina kibao chake. Bhavesh amepigwa marufuku kugusa kotmiri.

Kwako wewe sina cha kujitetea. Aliyekula ni mama yako, na aliyemwacha ale ni mimi. Ukikasirika utakuwa na haki, nami nitangoja hasira yako ipoe kabla sijakuomba chochote kingine.

Nisalimie sana Kirit, na Mihir, na yule mdogo Charmi aambiwe Dhruvi anamsubiri likizo. Ba anawabariki wote, anasema mle vizuri na msilale na nywele mbichi. Thakorji awaweke.

Kuna jambo moja la mwisho. Ule udi wa msandali unaomtumia kila Diwali, ambao kila mara anakuambia kwenye simu kwamba unanukia kama nyumba ya bibi yenu, usiache kuutuma. Huuwasha kila asubuhi. Leo aliponiita nilidhani anataka kiberiti, kumbe anataka nisimame karibu nimwambie unanukiaje. Nikamwambia kadiri nilivyoweza. Akafumba macho, akasema, ndio, ndio huo.

Wifi yako anayekupenda na kukuonea haya,

Rupal