Aproni Iliyonyooshwa Chini ya Godoro

Baba yetu Kelestini, mwaka umetimia tangu ututoke, na hapa nyumbani Viwanja Sitini bado nguo zote tunazitundika. Hakuna anayethubutu kukunja hata taulo.

Ulikuwa fundi wa eksirei katika chumba wanamorekebishia mapigo ya moyo. Mgonjwa huingia humo siku moja akaenda zake; ninyi mlishinda humo, na mionzi haina huruma na mtumishi. Daktari akikanyaga pedeli ya eksirei akajisahau, ulimwambia bila hata shikamoo, "Dokta Deus, toa mguu, hapo huendeshi trekta." Nasi tukiisogelea runinga ulitusukuma nyuma kwa fagio. Mama akikukumbusha kwamba runinga si eksirei, unajibu, "Wafanye mazoezi."

Tunaikumbuka ile aproni ya nesi Careen, nzito kama kiroba cha mchele, yenye madini ya risasi ndani yake ya kuzuia mionzi. Uliileta nyumbani ili fundi cherehani aishone mikanda upya, maana Careen alikuwa mjamzito na hukutaka ipwaye. Shangazi Yosefina, ambaye nguo za kanisani huzinyoosha chini ya godoro, akaikunja kwa upendo wote, akaiweka chini ya godoro lako. Ukailalia. Asubuhi ukalaumu mgongo, ukalaumu godoro, ukalaumu ugali wa jana, mpaka ulipolifunua.

"Yosefina, umebomoa ukuta wa mtoto wa watu."

"Kaka, mbona imenyooka?"

Kunyooka ilinyooka. Lakini ulipoipiga picha ya eksirei kazini, kila mkunjo ulikuwa na ufa. Dokta Deus akasema mgonjwa yuko mezani, Careen avae hivyo hivyo, mara moja tu. Ukamvua, ukamvisha yako iliyomfikia visiginoni, wewe ukahamia nyuma ya kioo cha kuzuia mionzi na kupiga kelele kutoka huko, "Mguu, Dokta. Mguu." Mgonjwa alipotoka salama akauliza nani alikuwa anaumwa mguu.

Jumapili iliyopita Kandida wa Careen, aliyekuwa tumboni siku ile, alikuja kutusalimia. Ana afya, ana makelele, na amevunja vikombe viwili vya Mama. Shangazi aliokota vigae akicheka, halafu akakaa palepale chini akalia.

Unakumbukwa na mkeo Margareta, wanao Agapiti na Leticia, dada yako Yosefina wa Michenga, na Careen na bintiye.

Baba, hatutachoka kukukumbuka.