Aliyetaja Ubaya Wake Kwanza

Dada yangu Somoe,

Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Nimechoka, Dada. Si uchovu wa kazi, kazi nimeiacha zamani. Ni uchovu wa kukaa na neno moja rohoni tangu ulipotutoka, na sitaki kwenda nalo kaburini.

Unakumbuka tulivyoingia Kibiti, vita vya Maji Maji vimekwisha na njaa imeshika milima yote ya kwetu Umatumbi? Wewe na mwanao mgongoni, Mama nyuma, mimi na juzuu yangu kwapani. Shemeji alibaki kule mbele ya bunduki, yeye na maji yake ya dawa. Tulipewa ukumbi wa watu tulale. Mama akasema hataki kufia ukumbini kwa watu, anataka mlango wake wa kufunga. Jirani alikuwa anahama, anauza nyumba. Ikabidi tukope, na wakopeshaji walikuwa wawili.

Mwenye duka alitukaribisha kwa kahawa. Yeye angemlipa jirani, nyumba ikaandikwa jina lake, sisi tukakaa ndani kwa kodi ndogo ya kila mwezi. Tukimrudishia rupia zake kabla ya mwaka wa tatu kwisha, nyumba yetu. "Hapa hamna riba, mama," alisema. "Ni bei ya kheri."

"Kheri ya nani?" ukaniuliza tulipotoka.

Nikakueleza nilivyofundishwa chuoni: hiyo kheri si heri, ni hiari. Hiari yetu ya kuikomboa.

"Na miaka mitatu ikipita?"

"Hiari inakwisha. Nyumba yake."

Yule mzee wa Chumbi, mkulima wa mpunga, hakutupa hata maji. Yeye alitaka rahani, nyumba iwe dhamana tu: yetu tangu siku ya kwanza, ila theluthi ya mpunga wetu kila mavuno mpaka deni liishe, hata ikichukua miaka kumi. "Mie sina maneno mazuri," alisema. "Mwaka wa mafuriko nitangoja, lakini unaofuata nachukua wa miaka miwili. Na mkiwa na msiba, nakuja vile vile."

Njiani nilipiga hesabu kwa kijiti mchangani. Ya mwenye duka ilikuwa nafuu sana, nikakuonyesha. Ukacheka, cheko lako lile la puani. "We mwenye chuo, walikufunza kujumlisha tu? Kutoa hukufika?" Kisha ukamweka mtoto vizuri mgongoni. "Maneno matamu nimeshayanywa mara moja, mdogo wangu. Niliyanywa pamoja na mume wangu. Yule wa Chumbi katutajia ubaya wake kwanza. Nakopa kwake."

Tukakopa kwake. Mama akapata mlango, na kila jioni aliufunga kwa mikono yake, akaujaribu.

Lakini mpunga wa kulipia haukuota Kibiti. Wewe ulishuka Mbuchi, huko deltani, ukalima kwenye maji, ukalala juu ya dungu kufukuza ndege na nguruwe. Ulikuja nyumbani kama mgeni. Uliuliza kata ya maji imewekwa wapi, ukalala siku mbili, ukarudi. Mwaka mmoja ulisimama mlangoni, ukasema, "Nyumba yenu nzuri." Yenu. Nikacheka, nikidhani ni utani.

Homa ilikukuta juu ya dungu. Tukakuzika huko huko Mbuchi. Matanga hayajaondoka, mzee wa Chumbi akafika na magunia matupu. Alikaa na wanaume, akala, akakuombea dua, kisha akapimiwa mpunga wake. Ndio uliomaliza deni. Nilitafuta hasira, sikuipata. Alishasema.

Sasa neno lenyewe, Dada. Watu husifu akili yako, na mimi huitikia. Lakini jirani yetu wa kushoto alichukua ile bei ya kheri. Akakomboa kwa wakati, akazeeka barazani na mkewe. Mwingine, wa nyuma ya msikiti, alichelewa, akatolewa na vyombo vyake. Nimewatazama wote wawili maisha yangu yote, na bado nadhani mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Ndiyo nakiri. Nyumba hii nimelala ndani yake mpaka nimezeeka, wala sijawahi kuipenda.

Juzi mjukuu wako Hawa alikuja kukaa kitandani kwangu. Anataka kununua nyumba Ikwiriri, na amepata wakopeshaji wawili. "Babu, nimfuate yupi?"

Nikamwambia swali lako: yupi alitaja ubaya wake kwanza? Akaitikia kwa kichwa, amelielewa. Alipoinuka nikamshika mkono, nikamwongezea langu, ambalo pale mchangani sikukuuliza.

"Na wewe utalala wapi mpaka deni liishe?"

Akakaa tena chini, Dada.

Nitakukuta karibu, inshallah. Usinipishe ndani tena; safari hii tukae wote.

Mdogo wako, niliyebaki na ufunguo.