Kiti cha Kando ya Meza

Jumatatu, 17 Novemba

Krrrr. Bado iko masikioni mwangu, sauti ya kiti kidogo cha mbao kikiburuzwa juu ya saruji. Mwaka mzima nimeisikia kila asubuhi, kiti kikija kwangu. Leo nimeisikia kikirudi. Sikujua kwamba kurudi kuna sauti yake.

Niandike tangu mwanzo, labda nitajielewa. Katika darasa la kwanza ninalofundisha kuna mtoto wa kike asiyesema. Wenzake wanamwita Bubu, nami nimechoka kuwakemea. Si bubu. Zamu yake ya kusoma ikifika huburuza kiti chake mpaka mezani kwangu, huweka mdomo kwenye sikio langu la kulia, halafu husoma. Ukurasa mzima, kwa pumzi tu, bila kukwama. Anawapita wote! Na ninayejua ni mimi peke yangu.

Leo kwenye kikao Mkuu ametukumbusha desturi ya siku ya kufunga shule. Mlango ulio kati ya darasa la kwanza na la pili unafunguliwa. Wazazi wamekaa. Mimi naita mtoto, nampa kadi yake, anasimama kizingitini na kuisoma kwa sauti. Akisoma, anavuka. Akishindwa, anarudi kukaa mkekani, na mwaka ujao anarudia darasa. Mbele ya kila mtu. Watu hucheka mpaka wakafuta machozi. Eti sherehe.

Bi Rula anafundisha la pili. Jina amepewa na watoto lakini hata sisi walimu tunalitumia, akishatupa kisogo. Alinitazama juu ya kikombe chake.

"Na yule wako wa kunong'ona, binti? Akija kwangu atamnong'oneza nani? Mimi sikio moja bovu, na la pili halina nafasi."

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka. Ndiyo maana, mtoto aliponijia na kiti chake, nikamwambia: kirudishe. Soma kutoka hukohuko.

Hakusoma.

Jumanne, 18 Novemba

Nimemnyima sikio tena.

Alikaa kitini pake, kitabu wazi, midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Yule mvulana mwenye koo kubwa — namwita Spika, akipiga chafya hata jirani wa shule anaitikia — akapaza sauti: "Mwalimu, Bubu anatafuna hewa!" Darasa likaanguka kwa kicheko. Ningeweza kuwanyamazisha kwa jicho moja. Niliwaacha. Nilitaka kuona kama kicheko kitaivuta ile sauti itoke.

Kilivuta machozi tu. Na hata machozi yake hayana sauti! Mtoto gani hulia kama bomba lililofungwa kitambaa?

Alhamisi, 20 Novemba

Tumebandua michoro ukutani. Kuta zinatakiwa tupu kabla ya kufunga. Mwaka mzima wa ubongo wa watoto wa miaka sita: akina mama wenye vidole saba saba, jua lenye meno, mbwa aliyezidi nyumba. Nilisifu kila mmoja ulipobandikwa. Leo nimeichana bila hata kuitazama, gundi na rangi ya ukuta vikibanduka pamoja.

Wake nilikuwa sijautazama sawasawa. Ni mimi. Nimekaa mezani na sikio moja kubwa kama sahani. Macho amenichorea, nywele amenichorea, hata kile kitufe kilichokatika kwenye blauzi yangu. Mdomo hakunichorea.

Nikautia kwenye mfuko wa taka huku ananiona. Nilijiambia ni kumkomaza. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo Bi Rula asemavyo, naye watoto wake wote wanasoma kama watangazaji. Mtoto alitazama mfuko, akanitazama, akaenda kufuta ubao bila kuagizwa.

Saa ya chakula niliufungua ule mfuko nikautoa mchoro. Umo humu ndani ya shajara. Umekunjamana kwenye sikio.

Ijumaa, 21 Novemba

Leo nilikuwa mbunifu. Niliweka kiti kitupu kando ya meza yangu, nikatangaza: kila mtu aje aninong'oneze lolote analotaka. Mstari ulifika mlangoni!

Wakanimwagia. "Baba anakoroma mpaka paka anatoka nje." "Nimekula penseli." "Mwalimu, mama amesema wewe utaolewa lini?" Spika aliweka mdomo sikioni akapiga kelele, "Unanuka chaki!" — bado linavuma.

Yeye alijipanga wa mwisho. Kimya, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri dawa. Alipofika, nilikiondoa kiti.

Nikamwambia: wewe utakikalia siku utakayosema kwa sauti.

Aligeuka akaenda zake. Hakulia. Nami nilisikia kitu kama furaha hapa chini ya koo, na sikuipenda, na ilikuwa tamu. Hata hapa sitaandika zaidi ya hayo.

Jumapili, 23 Novemba

Dada anafua, mimi naanika. Nimemsimulia. Si yote. Yeye ni nesi, tena wa wodi ya watoto, anaamini kila kitu kina dozi yake.

"Mdogo wangu, hebu nijibu. Unampenda huyo mtoto au unapenda kuhitajiwa?"

Nikamwambia aache maneno ya semina.

"Semina gani? Hata wodini tunao wa aina yako. Mgonjwa akipata nafuu, wao ndio wanaopandwa na homa." Akanirushia shuka lenye maji. "Shika huko, kamua."

Nilikamua mpaka mikono ikauma.

Jumatatu, 24 Novemba

Bibi yake alikuja asubuhi. Ndiye anayemlea. Alibeba mfuko wenye viatu viwili tofauti, cheusi kimoja na cheupe kimoja, kila kimoja kutoka jozi yake, ili nimchagulie cha kuvaa siku ya kufunga. Nikasema cheupe.

"Mwalimu, mwanangu, nikuulize. Hapa wanasema hasemi. Nyumbani huyu tunamwomba anyamaze! Anafundisha kuku kusoma. Kuku akikimbia anamwambia simama pembeni."

Nilicheka. Bibi alicheka pia, halafu akaacha.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo ninavyojipa moyo. Lakini wiki hii chakula hakimpiti kooni. Kuna mtu anamwonea?"

Nikamjibu, "Watoto, bibi. Unawajua watoto."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniombea heri. Akaniombea na mume.

Jumatano, 26 Novemba

Nitaandika pole pole.

Watoto walikwisha kuondoka. Tulibaki mimi, na yeye anayemsubiri bibi yake uani. Nilienda stoo kuchukua ndoo na sabuni, maana viti vinaoshwa kabla ya kufunga. Niliporudi nikasikia: krrrr.

Halafu mtu akaongea. Mwanamke. Mkali. Nilidhani ni mimi. Kwa sekunde nzima nilidhani ni mimi niliye ndani.

"Kirudishe! Nani kakwambia uje kunipumulia sikioni? Soma kutoka hukohuko!"

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, kiuno kimeshikwa, kichwa kimeinama upande wa kulia — kumbe huwa nakiinamisha upande huo! Mbele yake viti vyote vitupu, na kimoja amekitenga mbali na vingine. Alikuwa anakisema hicho.

"Hutaki? Haya, wenzako wakucheke. Chekeni!"

Akaviachia viti muda wa kucheka. Akasubiri kama ninavyosubiri mimi. Kisha akakiendea kile kiti, akakaa, akafungua kitabu na kusoma. Kwa sauti. Ukurasa wote, na wa pili, akitua kwenye nukta, akipandisha kwenye swali. Ana sauti nene kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nzuri. Niseme ukweli: nzuri kuliko nilivyowahi kuifikiria, na nilikuwa nikiifikiria mwaka mzima.

Mwalimu mwingine angeingia anapiga makofi. Angemnyanyua juu.

Mimi nilisimama pale, sabuni inayeyuka kiganjani. Kisha nikapiga ndoo teke. Makusudi.

Nilipoingia alikuwa ameshasimama, amefunga kitabu na mdomo. Nikamuuliza alikuwa akiongea na nani. Nikavuta kile kiti kilichotengwa, nikakaa chini kabisa karibu yake, nikamsogezea sikio. La kulia. Nikamwambia: haya, basi, nimerudi.

Akatikisa kichwa.

Amelikataa sikio langu.

Alhamisi, 27 Novemba

Kikulacho ki nguoni mwako.

Anaweza. Kesho atasimama kizingitini na viatu vyeupe, atasoma, atavuka. Wazazi wataduwaa. Bi Rula atasema, mnaona, alihitaji mwalimu wa kweli tu upande wa pili. Na ile sauti itakuwa ya kwake, kila asubuhi, na mimi nitasikia kupitia ukutani. Nitapewa watoto wapya wanaonuka maziwa na kula penseli.

Dada ameniuliza, "Umemwambia Mkuu kwamba mtoto anasoma?" Nikasema kesho asubuhi, mapema, kitu cha kwanza.

Nimeandika kadi zote. Yake nimeiandika mara mbili, ya kwanza mkono uliteleza.

Ijumaa, 28 Novemba

Niko stoo. Nimesema nafuata riboni. Nina dakika chache tu.

Wazazi wamejaa. Bibi yake amekaa mstari wa mbele kabisa, amejitanda kitambaa kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Anamweleza mama wa pembeni yake kitu na kuonyesha miguu ya mjukuu. Viatu vinang'aa. Bi Rula yuko mlangoni pake na rula.

Nilipokuwa nawapanga barazani, mtu alinivuta mkono wa blauzi. Nikatazama chini. Alikuwa amevuta pumzi kifua kizima, kama anayetaka kupiga mbizi.

"Mwalimu," akasema. Kwa sauti! "Mimi nitasoma."

Spika alidondosha kofia. "Heh! Jamani! Bubu kasema!"

Mwaka mzima nimelingoja neno hilo. Nikaweka kidole mdomoni.

"Shh," nikamwambia. "Si sasa."

Alinitii. Ndicho kinachonitesa sasa hivi — alinitii papo hapo. Akafunga mdomo na kurudi kwenye mstari, akinyoosha soksi. Bado anadhani zamu yake inakuja.

Mkuu nilimwona mapema, kitu cha kwanza, kama nilivyomwahidi dada. Nikamwambia hajawa tayari. Nikamwambia nisingependa kumsimamisha kizingitini akamwaibisha bibi wa watu, bora nisimwite kabisa, arudie kwangu mwaka mmoja zaidi. Mkuu alivua miwani. "Una moyo wa huruma, mwalimu," akasema. "Wewe ndiye unayemjua." Akafuta jina lake pale pale.

Kadi yake imo humu, pamoja na lile sikio.

Wananiita. Spika amekwisha kuanza kuimba wimbo wa kuaga, kabla ya wote. Naenda. Nitaita majina, na nitakapomaliza atakuwa amebaki mmoja kwenye mstari, na viatu vyeupe.

Kiti chake nimeshakihamisha. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajafika. Kiko kando ya meza yangu, upande wa kulia. Nilikibeba mikononi, kisisikike.