Kiti Kitupu Kwenye Video

Jumatatu, 13 Aprili
Dawa. Uji nusu kikombe. Kishikwambi kimegoma tena, nafasi imejaa. Video yangu ni ndefu, WhatsApp inaikataa. Lazima iingie kwenye flashi nimpe Elia, mdogo wangu. Kwa wenye kompyuta steshenari sipeleki. Wataisikia kabla yake.

Nimesema mengi, kubwa ni moja: nikifa, msinipeleke Kilimanjaro. Nizikwe hapa Dar, kando ya mume wangu Yohana. Karatasi ukoo hautaiamini, utasema nimeandikiwa. Sauti yangu hawataikana.

Elia ameshanichagulia mahali kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, karibu na mama. Kila Krismasi ananionyesha. Kila Krismasi nasema ahsante. Mwoga mimi.

Jumatano, 15 Aprili
Nimeshuka ngazi, nikapumzika kila ghorofa. Bajaji hadi Kariakoo. Mama Rehema, muuza vifaa vya simu, kanipa waya mfupi: huku kishikwambi, kule flashi.

"Shikamoo bibi. Umeanza kuuza muvi?"

"Marahaba. Muvi yenyewe nimecheza mimi."

Tulicheka. Sijacheka na mtu tangu Pasaka.

Alhamisi, 16 Aprili
Nilibonyeza "Hamisha". Mstari ukajaa polepole. Waya ukaniteleza, flashi ikachomoka. Video haipo huku wala kule. Nimelia kama mtoto.

Nikampigia Mama Rehema. "Jamani bibi! Ungenakili, ya kwanza ingebaki. Na usichomoe mpaka imalize!"

Kifua kinabana. Sina pumzi ya kusema tena yote yale. Wa kunishikia waya hakuna.

Jumamosi, 18 Aprili
Mvua. Barabara ya Jangwani imejaa maji. Elia alizunguka mbali, akafika na viatu mkononi na ndizi za kupika. Tukala. Akaanza habari za kaburi: ameshapeleka mawe kihambani. Nikamkatiza. Nikasema yote, uso kwa uso.

Akasukuma sahani. Ndizi zikapoa.

"Dada, watasema nimekuuza kwa watu wa Masasi." Yohana alikuwa wa huko.

"Ndiyo maana nilitaka video."

Akajifuta uso. "Basi washa. Ila na mimi nikae hapo. Wakitaka kunila, wanile wakiniona."

Tulisema kwa ufupi, pumzi ikatosha. Nikabonyeza "Nakili". Elia akaishikilia flashi kwa vidole viwili, hakupepesa macho, mpaka mstari ukajaa.

Mlangoni hakuniaga. Alisema tu mawe atayajengea zizi.

Jumapili, 19 Aprili
Sikwenda kanisani. Miguu. Flashi iko kwa Elia. Nyumba kimya, maji yanadondoka kwenye ndoo ya barazani.

Nimeitazama video mara moja. Katika ile iliyopotea, kiti cha Yohana kilikuwa kitupu nyuma yangu. Katika hii amekaa Elia, suruali kaikunja, miguu ina tope.