Neema, Zabibu na Leza

Mdogo wangu Yohana,

Nakusalimu kutoka Ipagala, Dodoma, ambako upepo ni mkali na zabibu ni tamu. Kesho mjukuu wetu Neema anatetea utafiti wake chuoni, naye anawaogopa sana watahini, hivyo nimemfanyisha mazoezi. Alibinya zabibu, mbegu ikarukia chai yangu.

"Babu, leza huitoa elektroni kwenye atomu hivyo. Tukiuzungusha mwanga wake kulia au kushoto, tunachagua elektroni izunguke upande gani."

"Umeiona ikizunguka?"

"Tunapima, Babu! Unabisha tu kwa kuwa hujaelewa."

Nilifurahi mno. Aliyethubutu kunikemea mimi hatatetemeshwa na watahini. Wewe, pamoja na mvi zako zote, bado hujathubutu.

Mungu akutunze, nawe umwombee Neema.

Kaka yako