Shemeji Badru na tangi lake la dizeli

Evaline shoga yangu, lile tangi limepasuka. Limepasuka shemeji Badru akiwa amelikalia!!

Si unalijua, lile la mpira, laini kama mto mkubwa wa kitanda, la kuwekea dizeli ya katapila lake. Miaka yote limelala juani hapa Mbwawa bila hata turubai. Juu limekauka likapasuka magaga kama ya miguuni. Ule mpira unaubandua kwa kucha, nyuzi zote nje. Chini dizeli imeulainisha mpaka unanata, linatoka jasho.

Juzi nikamwambia, shemeji, hili halifiki mbali. Akanijibu mbele ya mume wangu, "Wewe kageuze vitumbua vyako." Mume wangu akacheka. Alicheka, Evaline.

Basi leo kamleta mteja kutoka Kisarawe alinunue. Zile nyufa kazipaka rangi ya bati, linang'aa! Mteja akauliza, "Lakini ni imara hili?" Badru na kanzu yake ya Ijumaa akalipanda, akakaa, akaanza kurukaruka. "Unaona? Hili halifi leo wala kesho!"

Pwaaa.

Kazama mpaka kifuani. Mteja kapanda pikipiki yake, huyoo. Dizeli imemwingia Badru machoni, analia kama ndama: "Raudha, maji! Maji shemeji, macho yangu!"

Mimi niko barazani na chuma cha vitumbua. Ndoo ya maji iko miguuni pangu, imejaa.

Nikamwambia, "Ngoja shemeji, kwanza nigeuze vitumbua."

Na nikavigeuza kweli. Kimoja kimoja.