Mama, Uliuliza Ukoo wa Mbwa

Mpendwa mama,

Tangu tukuzike nakuombea kila baada ya sala. Habari za mbwa nimeona haya kuzichanganya na dua, ndiyo maana naziandika.

Nilipokuja nyumbani Mute kukuambia nimepata serviço, kazi ya kuongoza mbwa wanaonusa mabomu barabarani, ulimaliza kwanza kukuna nazi. Kisha ukasema, "Nani atamwoa mwanamke anayenuka mbwa?" Kesho yake nikakuta umeniwekea ndoo ya maji nje ya ua, na udongo safi pembeni, nijitwaharishe kabla sijaingia. Hukulisema tena.

Mbwa wangu wa kwanza alikuwa Duque, wa aina ya mchungaji wa Kijerumani, uzao safi. Alipozeeka akaanza kuburuta miguu ya nyuma. Kucha zikakwaruza saruji mpaka zikatoka damu, naye halii, anatikisa mkia tu. Wenzangu wa kazi kambini wakasema karogwa. Chefe, mkubwa wetu wa kazi, akaniruhusu nije naye nyumbani.

Nilikuogopa, mama. Lakini ulipomwona anaanguka pale uani, uliingia ndani ukatoka na kapulana yako kuukuu ya kujifunga. "Mpitishie tumboni umnyanyue," ukasema. "Mimi simgusi, ila kumtazama hivi siwezi." Tukawa tunatembea kila asubuhi, mimi nimeshika ncha za kapulana, wewe nyuma yetu ukiwakaripia watoto wanaocheka.

Daktari wa mifugo alipokuja, akasema ni mishipa ya fahamu inayokufa ndani ya uti wa mgongo, ugonjwa wa kurithi, dawa hauna. Ukauliza kutoka mlango wa jikoni, "Mama yake alikuwaje?"

"Hakuna anayejua," akajibu.

"Mume tunamuuliza ukoo mpaka wa bibi yake. Mbwa mzuri namna hii hamkumuuliza?"

Daktari akacheka, nawe ukacheka. Duque alipokufa hukuja kumzika, lakini siku ile hukupika.

Sasa sikia. Duque aliacha binti kambini, Faísca, ndiye ninayefanya naye kazi. Ulikuwa umeshafariki nilipomwona asubuhi moja mguu wake wa nyuma unateleza. Nikamkimbilia daktari, akaniambia siku hizi kuna análise, kipimo: unapangusa ndani ya shavu la mbwa kwa pamba, inapelekwa nje ya nchi, wanasoma alichorithi. Kila mbwa hurithi mafungu mawili, moja la baba, moja la mama. Yakiwa mabovu yote mawili, ugonjwa unaweza kumpata. Duque aliugua, basi fungu alilompa Faísca lilikuwa bovu bila shaka. Kila kitu kilibaki kwa mama yake Faísca.

Nilisubiri majibu nikiitazama kila hatua yake. Nilimwombea mbwa, mama, usinicheke.

Majibu yakaja: mama yake alimpa fungu zima, lisilo bovu. Ule mguu ulikuwa na mwiba tu, nikauchomoa mwenyewe. Faísca haumwi wala hataumwa ugonjwa ule, ila anaweza kuwarithisha watoto. Chefe alitaka asizalishwe kabisa. Daktari akamwambia, "Mtafutie dume aliyepimwa akaonekana safi. Hapo hazaliwi mtoto wa kuugua." Basi nikawa mshenga. Dume tulimpata mjini Mocímboa, na sikukubali mpaka nilipoyaona majibu yake kwa macho yangu.

Wamezaliwa, mama. Wako watakaobeba lile fungu la babu yao, na wao tutawapima ili tujue wa kuwaoza nao.

Leo nimewatoa nje mara ya kwanza. Kwenye barabara tuliyoisafisha mabomu watu walikuwa wakirudi mashambani kwao, majembe begani, kuku wamening'inia kwenye baiskeli. Mama mmoja akasimama kutazama. Watoto wa Faísca wakatimka mbio mchangani, wakapinduka, wakainuka, wakatimka tena kwa miguu yote minne. Yule mama akaniuliza kama ni wazima. Nikamwambia, "Wazima, na tunajua kwa nini."

Mungu akulaze pema. Nikipata jingine nitakuja kaburini nikusimulie.

Ni mimi,
binti yako